Tufani ya Mwaka 1872 Katika Unguja na Kazi ya Kuirudisha Nchi

Katika vitabu vingi vya historia ya Afrika ya Mashariki, tufani iliyoipiga Unguja siku ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872, haipewi zaidi ya sentensi mbili tatu. Msomaji huambiwa kwamba merikebu za Sultani ziliangamia, kwamba mikarafuu na minazi iling'olewa, na kwamba kisiwa cha Pemba kilisalimika. Kisha kitabu huendelea na mkataba wa mwaka 1873 uliokataza biashara ya watumwa baharini. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilizisoma sentensi hizo mara nyingi, wala sikuzitilia shaka. Baadaye, nilipokuwa nikikusanya majina ya sehemu za mnazi kwa ajili ya kazi ya lugha, ndipo nilipojiuliza swali ambalo vitabu vile havikuliuliza. Nchi iliyoezekwa kwa mnazi, iliyolishwa kwa mnazi na iliyofungwa kamba kwa mnazi, iliishije baada ya minazi yake kulala chini?

Katika makala haya nakusudia kulijibu swali hilo kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu. Ushahidi wenyewe ni wa namna tatu. Namna ya kwanza ni habari zilizoandikwa na watu wa zamani zile. Namna ya pili ni hesabu ya miaka ambayo mti huhitaji mpaka kuzaa, na hesabu hiyo haikubadilika tangu siku zile hata leo. Namna ya tatu ni msamiati wa Kiswahili, ambao umehifadhi mambo ambayo waandishi wa barua za serikali hawakuona haja ya kuyaandika. Pale ninapokisia nitasema kwamba nakisia.

I. Jina la jambo

Yafaa tuanze na jina. Kiswahili kina maneno kadha ya upepo wenye kudhuru, wala hayana maana moja. Chamchela ni upepo mdogo uzungukao, uinuao vumbi na majani makavu na kupita. Dhoruba ni neno lenye asili ya Kiarabu, katika shina lenye maana ya kupiga. Ni pigo la upepo na mvua, nalo mabaharia hulijua sana. Tufani ni kubwa kuliko hayo. Neno hili katika Kiarabu ndilo linalotumiwa katika Qur'ani kwa gharika ya zama za Nabii Nuhu, na limeenea katika pande nyingi za Bahari ya Hindi: Waajemi wanalo, Wahindi wanalo, na Wareno nao wanalo kwa matamshi yao. Anayesema tufani, basi, hasemi upepo tu. Asema upepo na maji pamoja, na ndani ya neno mna fikira ya nchi kufutwa na kuanzwa upya.

Neno kimbunga limepewa kazi mpya katika siku zetu. Wataalamu wa hali ya hewa wa Tanzania hulitumia kwa ile dhoruba kubwa izungukayo ambayo hupewa jina la pekee, kama Kimbunga Kenneth cha mwaka 2019 na Kimbunga Hidaya cha mwaka 2024. Matumizi hayo ni mazuri, maana sayansi hutaka neno moja kwa jambo moja. Lakini kwa tukio la 1872 nitalishika neno tufani, kwa kuwa maana yake ya gharika na ya mwanzo mpya yalingana zaidi na yale yaliyotokea.

II. Siku yenyewe

Mwezi ulikuwa Mfunguo Tano, mwaka 1289 wa Hijra. Kwa watu wa pwani, Aprili ni mlango wa majira. Kaskazi imekwisha, kusi inaanza, na mvua za masika zimeshika. Ndio wakati ambao vyombo vya Arabuni na vya Ghuba, vilivyokuja na kaskazi, hungoja kusi ipate nguvu ili virudi kwao na shehena zao. Bandari ya Unguja, kwa hiyo, haikuwa tupu.

Tufani za namna hii ni nadra sana katika latitudo ya Unguja, ambayo i karibu digrii sita tu kusini ya ikweta. Dhoruba kubwa huzunguka kwa sababu ya mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo ya kuzungusha hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta. Madagaska na Morisi huzijua tufani. Unguja haikuwa na desturi nazo. Hapakuwa na simu ya baharini ya kuleta habari, kwa maana waya wa kuunganisha Unguja na Aden haukufika mpaka mwaka 1879. Watu hawakuwa na la kuwaonya ila wingu lenyewe.

Katika nusu ya kusini ya dunia dhoruba hizi huzunguka kama mishale ya saa. Ikija kutoka mashariki, upepo wa kwanza hutoka upande wa kusini. Kitovu kikipita juu ya nchi huwa kimya cha muda, kisha upepo hurudi kutoka upande wa kaskazini, nao huangusha yale yaliyokwisha legezwa. Mti ulioinamishwa upande mmoja huvutwa ghafula upande wa pili. Mnazi una mizizi mingi lakini si ya kwenda chini sana, na mkarafuu hauna mzizi wa kushindana na pigo la namna hiyo.

Bandarini hasara ilikuwa kubwa mno. Merikebu za Sayyid Barghash bin Said, aliyekuwa ameshika ufalme tangu Oktoba 1870, zilizama au zilitupwa pwani. Miongoni mwake ilikuwamo El Majidi, merikebu iliyopata kuwa manowari ya majimbo ya kusini ya Marekani katika vita vyao vya 1861 mpaka 1865, ikiitwa Shenandoah, kabla ya kununuliwa na Sayyid Majid. Iliyonusurika ni meli ya moshi ya Kiingereza, Abydos. Upande wa Mrima, Bagamoyo ilipigwa pia, na majengo mengi ya misheni ya mapadre wa Kifaransa, iliyoanzishwa huko mwaka 1868, yaliangushwa. Masika hayo hayo yalikuwa mazito hata bara: Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kumwona Livingstone, ameeleza jinsi mafuriko ya mto Ngerengere yalivyoubomoa ukuta wa mji wa Simbamwene.

Shambani, hesabu ambayo wanahistoria huitaja mara nyingi ni kwamba kadiri ya theluthi mbili ya minazi na mikarafuu ya Unguja iliangamia. Hata mtu akiipunguza hesabu hiyo, maana yake haibadiliki. Pemba, iliyo kaskazini zaidi, ilisalimika kwa sehemu kubwa.

III. Paa na chakula

Asubuhi ya pili haja ya mtu si karafuu. Haja yake ni paa, moto na chakula.

Tuutazame mji kwanza. Nyumba za mawe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilikaa juu ya boriti za mikoko. Nyumba hizo zaweza kupasuka na kuvuja, lakini ukuta wake ni mzito. Watu wengi, hata hivyo, hawakukaa katika nyumba za mawe. Walikaa katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti, na nyumba ya namna hiyo ikiondolewa paa huku mvua ya masika ikiendelea, udongo wake huyeyuka. Tufani haikuhitaji kuzisukuma kuta zile. Kuondoa makuti kulitosha.

Hapa ndipo msamiati unapotusaidia. Mswahili hakuliita zao la mnazi kwa jina moja. Ua lake ni upunga. Tunda changa ni kidaka. Likikua kidogo ni kitale. Likiwa na maji matamu ni dafu. Likianza kukomaa ni koroma. Likikomaa kabisa ndipo huwa nazi. Jani lake ni kuti, na kijiti cha katikati ya ukuti ni uchukuti. Ganda la nje ni kumbi, nyuzi zake ni usumba, na usumba husokotwa kamba. Gamba gumu ni kifuu. Nazi ikikunwa hutoa tui, na kinachobaki ni chicha. Lugha haipotezi maneno kwa kitu kisicho na kazi. Kila moja la maneno haya ni haja ya nyumba: mchuzi, mafuta ya taa na ya nywele, kamba ya kitanda, kamba ya chombo, kuni, upawa, ufagio, paa.

Mtu aweza kudhani, basi, kwamba dhiki ya makuti ilikuja siku ya kwanza. Mimi nadhani haikuwa hivyo. Mnazi ulioanguka una makuti yake yote, nayo hupatikana bila ya kupanda mti. Katika majuma ya kwanza makuti yalikuwa mengi kupita mikono ya kuyasuka. Madafu na makoroma yalikuwa chini, na moyo wa mnazi, ambao kwa kawaida haulwi kwa kuwa kuutoa ni kuuua mti, sasa uliweza kuliwa kwa kuwa mti ulikwisha kufa. Lakini paa la makuti halikai zaidi ya miaka michache. Lile lililoezekwa mwaka 1872 lilianza kuvuja kadiri ya mwaka 1875 au 1876, nao ulikuwa wakati ambao minazi iliyopandwa baada ya tufani ilikuwa bado haijafika popote. Dhiki ya kweli ya makuti, kwa hesabu hii, ilikuja wakati ambao wageni walikuwa wamekwisha acha kuandika habari za tufani.

Kwa chakula mambo yalikuwa vingine. Muhogo, ulio chini ya ardhi, hauangushwi na upepo. Shina likivunjika mizizi hubaki. Lakini katika udongo uliolowa lazima uchimbwe upesi kabla haujaoza, na mbegu ya muhogo ni shina lile lile lililovunjika. Mwenye akili alikata vipande na kuvipanda pale pale. Migomba, papai na miembe haikuwa na bahati hiyo. Mchele mwingi wa mji uliletwa kwa merikebu kutoka ng'ambo, na bandari ilikuwa imejaa vyombo vilivyovunjika. Wavuvi wa pwani ya mashariki na ya kusini walikuwa na ngalawa za kutengeneza. Huenda miembe iliyoanguka iliwapa magogo, maana ngalawa huchongwa kwa mwembe.

Tusisahau pia kwamba watu hawa hawakuwa wamepumzika kutokana na msiba uliotangulia. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kisiwani mwaka 1869 na 1870, nacho kiliua watu wengi sana. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini wakati huo, alikiandikia kitabu kizima. Nyumba nyingi zilizoezuliwa mwaka 1872 zilikuwa nyumba zilizokwisha punguziwa watu wake.

IV. Miaka ya kungoja

Baada ya paa na chakula ilikuja haja ya tatu, nayo ni wakati. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita mpaka minane, na hufikia zao lake kamili baada ya miaka mingi zaidi. Mnazi wa asili nao huhitaji muda kama huo. Mwenye shamba aliyepanda mara baada ya tufani hakutazamia kuchuma kabla ya mwaka 1878.

Kupanda kwenyewe hakukuwa jambo jepesi. Mbegu ya mkarafuu haiwekwi akiba, ikikauka hufa. Lazima itolewe katika mti uliohai, ioteshwe ingali mbichi, na mche wake uwekewe kivuli na kutiwa maji kitaluni mpaka uweze kuatikwa shambani. Nchi iliyopoteza mikarafuu yake imepoteza pia chanzo cha mbegu. Iliyobaki ni miti michache iliyosimama, na Pemba.

Kabla ya tufani karafuu zilikuwa nyingi na bei yake ilikuwa chini. Baada ya tufani bei ilipanda, na waliofaidi ni wale waliokuwa na mashamba Pemba. Wenye mitaji walivuka mkondo wakafyeka misitu na kupanda. Hivyo ndivyo Pemba ilivyopata kuizidi Unguja kwa karafuu, nayo imeendelea kuizidi hata leo. Kwa wenye mashamba wa Unguja ambao hawakuwa na ardhi Pemba, miaka ya kungoja ilikuwa miaka ya kukopa. Walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi na kuweka mashamba yao rehani, na wengi hawakuweza kuyakomboa. Neno rehani halikuzaliwa katika miaka hiyo, lakini lilizoewa sana na vinywa.

V. Mikono

Sasa twafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Nani aliyeondoa magogo? Nani aliyechimba mashimo ya miche, akachota maji, akapalilia kwa miaka sita mti usiozaa?

Mashamba ya karafuu ya Unguja yalilimwa na watumwa. Desturi iliyojulikana ni kwamba mtumwa wa shambani aghalabu alipewa siku mbili katika juma, Alhamisi na Ijumaa, alime konde lake mwenyewe na kujilisha. Desturi hiyo ituoneshe hali ya mwaka 1872. Kibanda cha mtumwa kilianguka kama vibanda vingine, na konde lake liliharibika kama makonde mengine. Lakini kazi ya shamba la bwana ilizidi, maana sasa kulikuwa na miti ya kukata na miche ya kuatika juu ya kazi za siku zote. Kama alizipata zile siku mbili, ndizo alizokuwa nazo za kujengea nyumba yake, kuezeka paa lake na kutafuta chakula. Kama hakuzipata, hakuna aliyeandika. Katika habari zilizotufikia majina ya merikebu zilizozama yanajulikana. Majina ya watu hao hayamo.

Januari 1873 Sir Bartle Frere aliwasili Unguja kudai kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe. Sayyid Barghash na Waarabu wakubwa wa mji walijibu kwamba nchi ilikuwa imekwisha vunjwa na tufani, na kwamba kuwaondolea watumwa wakati ule kulikuwa kuwamaliza. Frere aliondoka bila ya sahihi. Baada ya Dr. John Kirk kufikisha tishio la kufungwa kwa bandari na manowari za Kiingereza, mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa likafungwa. Mahali pa soko hilo, Mkunazini, palianza kujengwa kanisa kuu la Waanglikana mwaka ule ule.

Wako waandishi wanaoyapanga matukio haya mawili, tufani na mkataba, kana kwamba la kwanza lililitayarishia la pili njia: mashamba yalikufa, basi haja ya watumwa ikapungua, basi biashara ikaweza kukomeshwa. Fikira hiyo ni nyepesi kuishika, lakini ushahidi waipinga. Mti uliokufa hauhitaji mtu wa kuuchuma, ni kweli. Bali mti unaopandwa upya wahitaji watu wengi, na msitu wa Pemba unaofyekwa wahitaji watu zaidi. Baada ya 1873 watumwa waliendelea kuletwa kwa njia ya nchi kavu, kwa kufuata pwani ya Mrima kuelekea kaskazini, kisha wakavushwa usiku kwa majahazi mpaka Pemba. Jambo hilo lilimlazimisha Sayyid Barghash kutoa amri nyingine mwaka 1876 za kuzuia misafara ya nchi kavu. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Tufani haikuleta uhuru. Iliongeza kazi, na kazi ile iliwekwa juu ya mabega ya wale wasioweza kuikataa.

VI. Neno la mwisho

Mwaka 1878 Sayyid Barghash alipata merikebu mpya, Glasgow, iliyoundwa Uingereza badala ya zile zilizozamishwa na tufani. Mwaka huo huo, kwa hesabu tuliyokwisha kuitoa, miche ya kwanza iliyopandwa baada ya tufani ilikuwa ikitazamiwa kuanza kuzaa. Merikebu ilizamishwa kwa mizinga ya Kiingereza mwaka 1896. Mikarafuu iliyopandwa wakati ule ni mti wa kuishi miaka mingi, na iliwalisha watoto na wajukuu wa watu ambao hawakuipanda. Nikiulizwa ni lipi kati ya mawili hayo lililoirudisha nchi, jibu langu si merikebu.

Tufani nyingine ziliipata pwani yetu baadaye. Lindi ilipigwa mwaka 1952, na mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Siku hizi onyo hutolewa mapema kwa redio na simu, na hilo ni neema ambayo watu wa 1872 hawakuwa nayo. Lakini hesabu ya mti ni ile ile. Msaada ukija kwa juma moja na kuondoka, umeijibu haja ya paa la kwanza. Haja ya paa la pili, la mwaka wa tatu au wa nne, na haja ya mche usiozaa bado, hubaki na mkulima.

Kwa wasomaji wenzangu wa taaluma ya lugha nina ombi moja. Majina ya sehemu za mnazi, ya aina za makuti, ya kazi za kitalu na ya namna za kuwekeana zamu ya kuezeka yangali hai katika vinywa vya wazee wa mashamba ya Unguja, Pemba na Mrima, wala hayafanani kila mahali. Tukiyakusanya pamoja na visa vinavyosimuliwa juu yake, huenda tukapata habari za watu ambao barua za mabalozi ziliwapita. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka mtu mwenye subira akae chini ya mnazi na mzee anayeujua, aulize, kisha aandike.